Nilivyokwenda Kukitia Nguvu Chama cha Watunza Vitabu

Nilitumwa mjini Kisii kwa sababu dini yangu haieleweki. Nalisema hili mapema, ninyi mliobaki nyumbani msije mkadhani nilichaguliwa kwa akili.

Mnalijua sanduku la vitabu la shule yetu. Kwa asiyelijua, ni sanduku la mbao, lina kufuli, na linaletwa na lori la serikali kila muhula unapoanza. Vitabu vikishasomwa hurudishwa, linaletwa jingine lenye vitabu vingine. Huku kwetu milimani, upande wa Nyamira, kila kitu kitokacho serikalini hufika kudai. Sanduku peke yake ndilo lililowahi kufika likatoa.

Basi Mwalimu Ombati, ambaye ndiye mwenye ufunguo, akapata habari kwamba mambo yamebadilika. Kuanzia sasa sanduku litapelekwa tu mahali ambapo mtunza vitabu amefunzwa kazi na kujiunga na chama kipya cha watunza vitabu. Serikali ilikuwa imetenga ruzuku ya kukitia chama hicho nguvu. Mafunzo yangeanza Ijumaa na kwisha Jumatatu, na atakayekosa siku moja atahesabiwa hakufika. Shule isiyotuma mtu, sanduku lake lingechukuliwa.

Mwalimu Ombati ni mzee wa kanisa la Sabato. Jumamosi kwake hata kuku hupumzika. Akakaa siku nzima akijikuna kidevu, kisha akaniita.

"Wewe," akasema, "Jumamosi huwa unasali wapi?"

Nikamwambia ukweli. Tata, yaani baba yangu, ni Msabato. Mama alilelewa na watu wa Fadha. Walipooana walikubaliana mambo yote isipokuwa siku ya kusali. Kwa hiyo mimi Jumamosi kukiwa na kanisa refu huwa Mkatoliki, na Jumapili huwa Msabato. Kazi ya shamba ikizidi, nashika zote mbili kwa bidii sana.

"Bwana asifiwe," akasema Mwalimu, na ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akishukuru kwa ajili yangu.

Tena nilikuwa na sifa ya kusoma. Hakuna mwanafunzi aliyeazima vitabu kunishinda. Mwalimu alinionyesha kwa wakaguzi kama mtu anavyoonyesha fahali. Kilichokuwa kinatokea ni kwamba vitabu vilikuwa vya dada yangu Kerubo. Tata alisema karo ni ya mtoto mmoja, na mmoja huyo akawa mimi, mvivu, kwa kuwa nina ndevu zitakazoota. Kerubo alitolewa shule akiwa anaongoza darasa. Sanduku halikuruhusiwa kuazimwa na asiye mwanafunzi, basi mimi nikawa napeleka vitabu nyumbani, yeye anasoma akipika, halafu ananieleza kilichomo ili nikiulizwa na Mwalimu nijibu.

Alhamisi alfajiri, nikiwa mlangoni na koti la Mwalimu lililonifika magotini, Kerubo alinipa ndizi za kuchoma zilizofungwa kwenye jani.

"Ukirudi bila lile sanduku," akasema, "tafuta dada mwingine wa kukupikia."

"Na nikirudi nalo?"

"Nitakupikia kama kawaida. Ulitaka nini, ng'ombe?"

Nikacheka, yeye hakucheka. Alikuwa ameanza kitabu kinene cha habari za mwili wa mtu, damu inavyozunguka na mtoto anavyokaa tumboni, na alikuwa hajafika katikati. Sanduku lingechukuliwa, yeye ndiye angefukuzwa shule mara ya pili.

Kutoka kwetu hadi Nyamira nilikwenda kwa miguu, nikiteremka na kupanda, kwa maana nchi yetu Mungu aliikunja akasahau kuikunjua. Nyamira nilipata lori lililobeba ndizi. Dereva alinipakia juu ya mikungu kwa masharti kwamba nisiketi.

"Unakwenda Bosongo kufanya nini?" akauliza. Bosongo ndivyo wazee wanavyouita mji wa Kisii, maana yake kwa Wazungu.

"Kujifunza kutunza vitabu."

Akafikiri mpaka kona ya tatu. "Vinakula nini?"

"Watu wengine wanasema havili."

"Basi kutunza gani huko. Mimi ningepewa kazi ya kutunza kitu kisichokula, ningekuwa nimelala saa hizi."

Nyakoe, adhuhuri. Lori lilisimama kupakia mikungu mingine, na hapo akapanda mtu mrefu mwenye tai na basikeli. Ndiye Mwalimu Nyaboga, mtunza vitabu wa Nyakoe, naye alikuwa akienda huko huko. Basikeli iliwekwa juu ya ndizi kwa heshima kuliko mimi. Aliponiuliza nimetoka kwa nani nikamtajia Mwalimu Ombati, uso ukamfunguka.

"Ombati. Msabato mwenzetu kabisa. Nawe pia?"

"Leo Alhamisi, Mwalimu, sisi sote ni ndugu."

Akaliona hilo kuwa jibu la hekima. Kisha akanieleza anavyotunza vitabu vyake. Sanduku lake limo ndani ya ghala la mahindi, limefunikwa gunia, na paka amefungwa karibu kwa ajili ya panya. Nikamuuliza kama wanafunzi wanavipenda. Akaniangalia kama niliyemuuliza kama wanafunzi wanapenda ghala.

"Wanafunzi wana mikono, kijana. Mkono na kitabu ni maadui."

Jioni nilifika mjini. Tata humuuzia ngozi Mzee Idi, Mwislamu mwenye duka, na nyumba yake ndiyo niliyoagizwa nilale. Mkewe, Mama Zuhura, babu zake wengine walikuja na misafara na wengine ni Wakisii wa hapa hapa, hivyo Kiswahili chake kimenyooka na Kikisii chake kinauma. Alinisikia nikibisha hodi kwa lafudhi yetu ya milimani akacheka kabla ya kufungua.

"Karibu, mwanangu. Hata kama ungebisha kwa fimbo ningejua umetoka Nyamira. Umekuja mafunzo ya vitabu?"

"Ndiyo, Mama."

"Mzee Idi ndiye aliyepewa kazi ya chai na mikate. Watu wa serikali wamekuja hapa mara tatu kuuliza habari ya mikate. Habari ya vitabu hawajauliza."

Mzee Idi akasema kutoka ndani, "Usimvunje moyo mtoto. Chama chochote huanza kwa mkate."

"Na huishia hapo," akasema Mama Zuhura, akanipa wali.

Ijumaa asubuhi tulikusanyika kwenye ukumbi wa bati karibu na ofisi za serikali. Watunza vitabu walitoka Suneka, Mosocho, Nyakoe, na vilima vyote ambavyo lori linaweza kupanda. Wote walimu, wote na tai, na mimi na koti. Mkufunzi alikuwa Mwingereza mmoja mwembamba, mpole, mwenye leso aliyofuta nayo kila kitu kabla ya kukigusa. Kufikia saa nne tulikuwa tumeshambatiza Bwana Vumbi.

"Nyinyi sikia," akasema kwa Kiswahili chake. "Kitabu iko na adui tatu. Moja, vumbi. Mbili, maji. Tatu, watu."

Ukumbi wote ukaandika. Mwalimu Nyaboga alinipiga kiwiko kwa furaha, kwa vile serikali yenyewe ilikuwa imemuunga mkono yeye na paka wake.

Nikainua mkono. "Bwana, na rafiki yake kitabu ni nani?"

Bwana Vumbi akafikiri kwa uaminifu mkubwa. "Rafiki yake ni kabati."

Hilo nalo likaandikwa.

Tulifunzwa kupangusa, kutoka juu kwenda chini, kamwe si kutoka chini kwenda juu. Tulifunzwa kubandika namba mgongoni mwa kitabu. Tulifunzwa kuendesha mkutano: anayetaka kusema huinua mkono, anayepinga huinua mkono, na mwenyekiti hugonga meza. Ile ya kugonga meza ilipendwa sana, kila mtu akaomba kujaribu. Adhuhuri Mzee Idi alifunga birika akaenda msikitini, na kwa muda huo chai nayo ikaenda kuswali.

Alasiri jua lilianza kuinama. Bwana Vumbi alikuwa katikati ya kueleza ubao wa juu wa kabati unavyotakiwa kuwa, nikaona Wasabato wanaangalia dirisha badala ya kabati. Mnajua wenyewe kwamba Sabato huingia Ijumaa jua linapozama, haingoji Jumamosi. Mwalimu Nyaboga akasimama, akafunga kifungo cha koti, na nyuma yake wakasimama wenziwe wote, nusu ya ukumbi.

"Mimi nasema nini mbaya?" akauliza Bwana Vumbi.

"Hapana, Bwana. Ni jua."

"Kesho rudi saa mbili."

"Kesho hatupo, Bwana. Tutakuwepo Jumapili."

Kutoka upande wa pili wa ukumbi katekista Maranga wa Suneka, Mkatoliki mnene mwenye sauti ya kengele, akasema taratibu, "Nasi Jumapili hatupo, Bwana. Tutakuwepo kesho."

Bwana Vumbi alikuwa ameambiwa huko Kisumu kwamba mwisho wa juma ndio wakati mzuri, kwa maana walimu hawafundishi. Hakuna aliyemwambia kwamba kwetu hakuna mwisho wa juma mmoja. Aliitoa leso akafuta miwani, kisha akaifuta tena.

Jumamosi basi walikuwepo Wakatoliki. Nami nilikuwepo. Katekista Maranga aliniona akanikaribisha mbele.

"Kumbe wewe si wa Ombati?"

"Mama yangu ni wa Fadha, Mwalimu."

"Damu haifichiki," akasema, akanikatia mkate mkubwa.

Siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya kutunga katiba ya chama. Bwana Vumbi alisema ruzuku haiwezi kutolewa kwa watu, hutolewa kwa chama, na chama ni katiba na mwenyekiti. Mwenyekiti alipatikana mara moja. Maranga aliwaeleza kwamba tangu alipoanza kupokea sanduku hajapoteza hata kitabu kimoja, hata ukurasa mmoja. Watu wakapiga makofi. Aliyekaa jirani yangu, mtu wa Mosocho, akaninong'oneza kwamba sanduku la Maranga huwa halifunguliwi. Linakuja na kamba yake, linarudi na kamba yake.

Akiwa amekalia kiti, Maranga akagonga meza akaleta kanuni ya kwanza.

"Kitabu kisitoke chumbani. Atakayesoma atasomea kwenye benchi, mtunza vitabu akimwona. Asiye mwanafunzi asiguse. Na wanawake, kwa heshima zote, wasiguse kabisa, mikono yao ina majivu."

Nilimwona Kerubo na kile kitabu chake karibu na mafiga. Nikainua mkono.

"Mwalimu, majivu yananawika."

"Kijana, uko darasa gani?"

"La saba."

"Ukifika la nane utaelewa. Wanaokubali?"

Walikubali wote isipokuwa mimi, nami sikuhesabiwa. Bwana Vumbi aliandika, uso wake ukionyesha kwamba haikuwa ndiyo katiba aliyoiota, lakini alikuwa ametufundisha yeye mwenyewe kwamba adui wa tatu ni watu.

Jioni sikula. Mama Zuhura alikiona chakula kimebaki, akaketi.

"Nani amekufia?"

Nikamweleza. Sanduku tutalipata, lakini litakuwa la kutazamwa, na dada yangu atasimama nje. Nikamwambia kesho wanakuja Wasabato, na kwamba kiongozi wao anafunga vitabu ghalani na paka, kwa hiyo atasema maneno yale yale.

Mama Zuhura akacheka mpaka akashika ubavu. "Mwanangu, mimi nauza mkate kwa hawa na kwa hawa miaka yote. Mkate ule ule. Wa kwanza wakiusifu, wa pili hawanunui. Kula wali wako."

Nikala.

Jumapili asubuhi Wasabato waliingia wamepumzika, wananukia sabuni, na Mwalimu Nyaboga akachaguliwa mwenyekiti kabla mimi sijapata pa kuketi. Bwana Vumbi alijaribu kueleza kwamba mwenyekiti yupo tayari, wa jana. Wakamsikiliza kwa adabu, wakaendelea. Nyaboga akaigonga meza vizuri, juu kwenda chini kama tulivyofunzwa, akasimama.

"Ndugu zangu. Kanuni ya kwanza. Kitabu kisitoke..."

Nikainua mkono. Kwa kuwa tulisafiri lori moja kutoka Nyakoe, aliniruhusu.

"Samahani, Mwalimu. Nataka kusaidia tu, tusirudie kazi. Hiyo wale wa jana wameshaipitisha. Neno kwa neno. Walisema hata Wasabato wakija watafuata tu."

Hilo la mwisho sikumbuki vizuri kama walilisema. Walikuwa na sura za kulisema.

Mwalimu Nyaboga alikuwa bado ameinua kidole, na sentensi yake ilikuwa inaning'inia hapo kidoleni, haijui iende wapi.

"...Kitabu kisitoke," akasema polepole, "kisitoke kwa nini? Hilo ndilo ninalouliza, ndugu zangu. Kuna watu katika wilaya hii wanafunga vitabu kwa kamba. Kitabu kilichofungwa kina faida gani?"

"Hakuna," wakaitikia.

"Hata paka anajua," nikasema chini chini.

"Kitabu kitoke," akasema Nyaboga, sasa amepata moto. "Kiende nyumbani kwa mtu."

"Kwa wanafunzi," akasema mmoja wao, mzee mwangalifu.

"Wale wa jana nao walisema wanafunzi tu," nikasaidia.

"Kwa wote," akasema Nyaboga.

"Na wanawake waliwakataza kabisa, Mwalimu. Walisema mikono yao ina majivu."

"Mama yangu mzazi alinilea kwa mikono ya majivu," akasema Nyaboga, na nadhani pale hakuwa anafanya siasa, sauti yake ilibadilika kidogo. "Wanawake waazime. Hata asiye mwanafunzi. Hata aliyeolewa."

Yule mzee mwangalifu akainua mkono. "Mwenyekiti, nina wasiwasi. Mke wangu akianza kusoma, nani..."

"Ndugu, wewe uko upande wa Maranga?"

Mkono ukashuka. Wakakubali wote. Nami safari hii nilihesabiwa.

Jumatatu ndiyo siku waliyokutana wote. Bwana Vumbi alikuwa na chama kimoja, katiba mbili zinazopigana, na wenyeviti wawili wanaogombania meza moja ya kugonga. Kama angeshika sheria yake kwamba anayekosa siku moja hakufika, angebaki na mwanachama mmoja, na mwanachama huyo amevaa koti la mtu. Akaiacha sheria. Alizungumza kwa upole mpaka chai ya kwanza, kwa ukali mpaka ya pili, na baada ya hapo akawa anaangalia kabati tu, rafiki yake kitabu.

Mwishowe akakata. Chama kitakuwa na matawi mawili, la Jumamosi la Wakatoliki na la Jumapili la Wasabato, kila tawi na kanuni yake, kila mtu ajiunge na analotaka. Mwenyekiti wa chama kizima atatoka tawi lenye watu wengi. Wakahesabiwa. Walilingana, na hapo vichwa vyote vikageuka kunitazama.

"Huyu ni wetu," akasema Maranga. "Jumamosi alikula mkate wetu."

"Alikuja juu ya lori na basikeli yangu," akasema Nyaboga. "Na shule yake ni ya Sabato."

"Mama yake ni wa Fadha."

"Baba yake je? Kwa Mkisii mtoto ni wa nani?"

Sijawahi kupendwa vile. Mikate ililetwa kutoka pande zote mbili. Maranga alinivuta pembeni dirishani.

"Sikiliza, omomura," akaniita kwa heshima ya kijana aliyekwisha kutiwa jandoni. "Ile habari ya wanawake tunaweza kuilegeza. Wanaweza kutazama kitabu kutoka mlangoni."

"Na kugusa?"

"Pole pole. Mambo mazuri hayana haraka."

Nikarudi ukumbini. Nilijua nikilichagua tawi lake, kanuni yake ndiyo itakayofungwa kwenye sanduku letu, na Kerubo atakuwa mtu wa mlangoni maisha yake yote. Nikasema natumwa na shule, na shule yangu ni ya Jumapili. Wasabato wakapiga meza kwa viganja, wenye meza na wasio nayo.

"Wamekununua kwa mkate," akasema Maranga, na sasa alikuwa na uchungu wa kweli.

"Hapana, Mwalimu. Wa kwenu ndio ulikuwa mkubwa zaidi."

Ruzuku ilitangazwa mchana. Kwa kuwa matawi ni mawili, iligawanywa, na ilipogawanywa ikaonekana haitoshi kununulia vitabu. Basi kila tawi likakubaliana, kwa mara ya kwanza bila ugomvi, linunue muhuri wa mpira, beji za kamati, na meza yake lenyewe. Bwana Vumbi akatupa vyeti, akatupa mkono, na baada ya kila mkono akaitafuta leso.

Jumanne nilirudi. Mama Zuhura alinifungia mkate uliobaki, akasema chama kimekufa vizuri kwa maana kimekula. Mpaka Nyakoe nilikaa na Mwenyekiti Nyaboga mwenyewe, beji kifuani, akiniambia alivyofikiri jambo la wanawake na vitabu kwa miaka mingi. Niliitikia. Aliposhuka nilimuuliza paka atafanyiwa nini. Akasema atabaki, panya hawana tawi.

Nyumbani Mwalimu Ombati aliisoma kanuni ya Jumapili akiwa amesimama, kisha akaketi akaisoma tena.

"Wanawake?"

"Ndivyo walivyoamua Wasabato, Mwalimu. Wakatoliki walipinga."

Alitaka kusema neno. Nililiona likipanda, nikaliona likishuka. "Kama ni Wakatoliki waliopinga," akasema mwishowe, "lazima kuna faida."

Lori lilileta sanduku muhula ulipofunguka, na safari hii kitabu cha mwili kilikuwa bado kimo. Kerubo alikwenda shuleni mchana kweupe, kanga safi, akasimama kwenye mlango ambao alikuwa hajauvuka tangu alipotolewa. Mwalimu Ombati alimwona. Ilimchukua muda kupata ufunguo, ingawa ulikuwa shingoni mwake.

"Unataka kitabu gani?"

"Kile cha mwili, Mwalimu. Nilikiacha kwenye figo."

Aliandikiwa kwa jina lake. Juma lililofuata alikuja na mke wa fundi, na lile jingine wakaja wasichana wawili waliotolewa shule kama yeye, halafu bibi mmoja ambaye hajui kusoma lakini alitaka kuona picha za figo. Vitabu vinarudi vina alama za vidole, kimoja kilirudi kinanuka moshi, na Mwalimu Ombati huvipangusa kutoka juu kwenda chini huku akiguna.

Nimeulizwa nilijifunza nini Kisii. Nilijifunza kwamba mkubwa hakubali jambo kwa kuwa ni jema. Hulikubali akisikia jirani yake amelikataa. Mwenye shida afanye hesabu zake hapo. Tena juzi Mwalimu Ombati ameniambia kwamba kuna malalamiko, kwamba wote wawili, Maranga na Nyaboga, wamechoshwa na vidole kwenye vitabu na wangependa chama kikutane kirekebishe kanuni. Hawajakutana. Jumamosi hawa hawawezi, Jumapili wale hawawezi, na siku nyingine wanafundisha. Nasikia serikali inafikiria kutuma mkufunzi mwingine na ruzuku nyingine ili chama kipate nguvu. Naomba kwa dini zangu zote mbili wasitume. Siku kitakapopata nguvu kitakutana, na kikikutana tu kitamrudisha dada yangu mlangoni.